Kigae Mkononi, Kilwa Kwenye Skrini: Kufundisha Tamaduni za Kale kwa Msaada wa Mtandao

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Pili wa Mbagala Kilwa Kisiwani ni nini, atakujibu bila kusita: mji wa kale wa biashara, dhahabu ya Sofala, Ibn Battuta 1331, Wareno 1505. Muulize sasa kuta za mji huo zilijengwa kwa kitu gani, au mtu wa pale akifungua mlango asubuhi aliona nini mbele yake. Kimya. Amekariri orodha, mji hajauona. Si kosa lake. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, halafu kuna kuvuka maji, na shule nyingi za mjini hapa hazina uwezo wa kusafirisha mkondo mzima.

Mimi ni mwalimu wa Historia. Kwa miaka kadhaa nimetumia simu yangu, laptopu moja na projekta ya kuazima kulipeleka darasa la wanafunzi sabini mahali ambapo basi halitufikishi. Mwongozo huu nauandika kwa mwalimu mwenzangu mwenye vifaa vichache kama hivyo, bando la kubana na umeme usiotabirika. Nitashika somo moja tu, la Kilwa, tangu maandalizi hadi mwisho. Ukishaliweza hilo, Misri, Meroe ya Sudan na Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika, unaziendea kwa njia ileile.

Hatua ya 1: Tafuta swali kabla ya kutafuta tovuti

Walimu tukikutana tunaulizana kuna programu gani nzuri siku hizi. Naomba tuanze na swali la somo. Swali linalofaa lina kitu kinachoshikika ndani yake, na jibu lake halikai katika sentensi moja ya kitabu. Langu ni hili: sarafu ya shaba ya Kilwa ilifikaje Zimbabwe Kuu?

Si kisa cha kubuni. Katika vitu vilivyopatikana Zimbabwe Kuu kuna sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14, huyohuyo ambaye msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta mwaka 1331 na kusifu ukarimu wake. Kutoka Kilwa hadi Zimbabwe Kuu ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka. Sarafu zenyewe ni ndogo, na nyingi ni za shaba, pesa ya matumizi ya pwani. Kwa hiyo mwanafunzi atajiuliza: ilikuwa malipo ya dhahabu? Zawadi? Mabaki ya mfukoni mwa msafiri? Hakuna jibu la kunakili, na hapo ndipo akili huanza kufanya kazi.

Sarafu za Kilwa zina jambo jingine ambalo watoto wa pwani hulipokea haraka: maandishi ya Kiarabu ya upande mmoja na ya upande wa pili yanaishia kwa sauti moja, yana vina. Upande mmoja unataja kumtegemea Mungu, mwingine unamtaja sultani. Mtawala aliyeweka vina kwenye pesa si jina tu la kukariri.

Liandike swali hilo juu kabisa ya andalio la somo. Kila picha utakayoipata mtandaoni uipime kwalo: inamsogeza mwanafunzi karibu na jibu? Kama haimsogezi, iache, hata ikiwa inapendeza kiasi gani.

Hatua ya 2: Kusanya nyumbani, usitegemee intaneti ya darasani

Mara ya kwanza nilifungua tovuti mbele ya wanafunzi. Picha ya kwanza ilijitokeza nusu, duara likazunguka na kuzunguka, na katika kipindi cha dakika 40 tulipoteza robo saa tukitazama duara. Mkondo uliofuata umeme ulikatika kabla sijafika picha ya pili. Tangu siku hiyo sifungui kitu chochote moja kwa moja darasani. Kila ninachokwenda kuonyesha kiko tayari ndani ya flashi, na nakala iko kwenye simu.

Hizi ndizo sehemu ninazochota, na kwa Kilwa zinatosha kabisa:

Google Arts & Culture ina mkusanyiko uliotolewa mwaka 2020 kwa ushirikiano na CyArk na ICOMOS, mashirika ya kuhifadhi urithi, kuhusu maeneo matano ya urithi yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi, na Kilwa Kisiwani ni mojawapo. Mna picha, maelezo na magofu ya 3D unayoweza kuyazungusha kwa kidole.

Zamani Project, ya Chuo Kikuu cha Cape Town, imepima kwa miale ya leza magofu mengi ya Afrika, yakiwemo ya Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Hapa mwanafunzi anaona jengo lilivyo hasa, nyufa na mizizi ya miti ikiwemo.

British Museum inakuruhusu kutafuta katika orodha ya vitu vyake. Andika Kilwa, utaona vigae vilivyookotwa kule: vya kijani hafifu kutoka China, vya Mashariki ya Kati, na vyungu vya udongo vya hapa hapa. Makumbusho hiyohiyo imeweka kwenye tovuti ya Sketchfab vitu vya 3D, likiwemo Jiwe la Rosetta, ambalo utalihitaji siku ya Misri. Ina pia hazina kubwa ya picha za michoro ya miambani ya Afrika, inayofaa ukifika kwenye michoro ya Kondoa.

Google Earth ni ya umbali na sura ya nchi. Tovuti ya UNESCO ni ya historia ya uhifadhi: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Na kama shule yako haina intaneti kabisa, pakua programu ya Kiwix pamoja na faili la Wikipedia ya Kiswahili ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Baada ya hapo makala zinasomeka bila bando.

Vitu vya 3D na Google Earth havitaki kuhifadhiwa kama picha za kawaida. Dawa yake ni kurekodi skrini. Simu nyingi za sasa zina kitufe cha kurekodi skrini. Kwenye laptopu kuna programu za bure. Zungusha jengo taratibu, simama pale unapotaka wanafunzi watazame, endelea, kisha hifadhi kama video. Fanya taratibu kuliko unavyodhani inahitajika. Unachokijua wewe kinapita haraka kwa anayekiona mara ya kwanza.

Picha zisizidi kumi na tano. Zipe namba kwa mpangilio wa somo: 01, 02, 03. Chini ya kila moja andika imetoka wapi, kwa sababu hilo utalihitaji katika hatua ya sita. Nne zilizo muhimu zaidi zitoe kopi za rangi steshenari na uzipitishe kwenye plastiki. Umeme ukikatika, somo linaendelea kwa makundi, kila kundi na picha yake.

Hatua ya 3: Anza na kitu cha kushika

Siku ya somo, projekta ikae imezimwa. Ninaingia na mfuko wa vigae vya nyumbani: kipande cha sahani ya kauri ya maua, kipande cha chungu cha kupikia, kipande cha kikombe cha plastiki, kipande cha bakuli nyeupe. Kingo nazisugua kwanza kwa jiwe zisikate vidole. Kila kundi linapata vipande vinne au vitano na swali: nyumba hii ilikula nini, ilinunua wapi, ilikuwa na uwezo gani?

Dakika kumi hivi hazina mbadala. Mtoto mmoja atasema chungu kina masizi, kwa hiyo kilikaa motoni. Mwingine atageuza sahani na kukuta maandishi ya nchi ilikotoka. Bila kuambiwa, wamefanya kazi ya mwanaakiolojia. Sasa wako tayari kuviona vigae vya Kilwa, na wakiviona hawasemi "vipande vya vyombo", wanauliza kama vina masizi.

Usiende kuokota vigae kwenye magofu kwa ajili ya zoezi hili, hata kama viko wazi juu ya mchanga. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kigae kikishatoka mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Waambie wanafunzi sababu hiyo ya pili. Wanaielewa kuliko vitisho.

Hatua ya 4: Safari ya kwenye skrini

Sasa washa projekta. Kama huna, televisheni ya shule na kebo inatosha, na kama hakuna hata hiyo, gawa darasa makundi matatu: moja na laptopu, moja na picha za plastiki, moja na vigae, halafu yabadilishane kila baada ya dakika kumi na mbili. Hapa unahitaji vipindi viwili vya mfululizo. Muone mtaaluma mapema.

Anzia paa la shule yenu. Video ya Google Earth ifungukie juu ya darasa lenyewe, watashangilia, waache. Kisha pandisha juu, fuata pwani kuelekea kusini, mdomo wa Rufiji upite, Mafia ibaki kushoto, mpaka Kilwa. Simamisha. Uliza: kwa nini mji ukae hapa? Wape nafasi. Wataona kisiwa kiko karibu na bara, maji yamejificha, jahazi lingepata kimbilio. Ongeza wewe kisichoonekana: pepo za kaskazi zilizoleta vyombo kutoka Uarabuni na India, na kusi iliyovirudisha. Watoto wa wavuvi wa Kigamboni au Kunduchi wanajua kaskazi na kusi kuliko kitabu. Mpe mmoja wao kazi ya kueleza.

Halafu Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa juu ya ukingo unaotazama bahari, zaidi ya vyumba mia moja, na ndani yake birika la pembe nane. Usitaje pembe nane. Simamisha video juu ya birika na waambie wahesabu. Kitu alichokihesabu mwenyewe mwanafunzi hakisahau, na atakitaja kwenye mtihani bila kukariri.

Sogea karibu na ukuta mpaka matumbawe yaonekane. Waulize kama wameona mawe ya namna hiyo. Watoto wetu wa pwani wanayajua. Nyumba nyingi za zamani Bagamoyo na Unguja zimejengwa kwa mawe hayo na chokaa iliyochomwa, dari zikashikwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vingi vya zamani ulifuata urefu wa boriti. Chora chumba ubaoni na upime sakafuni kwa futi kamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ili waone wembamba wake. Skrini haiwezi kuonyesha ukubwa wa kitu, sakafu ya darasa inaweza. Nauweka mkazo hapo kwa sababu ndipo masomo mengi ya projekta yanapofeli: kila kitu kinaonekana kidogo na kiko mbali.

Anayebofya asiwe mwalimu. Mweke mwanafunzi, na ubadilishe kila baada ya dakika chache, msichana na mvulana. Wewe kaa nyuma ya darasa pamoja na wale ambao kwa kawaida husinzia.

Hatua ya 5: Zima skrini, soma

Hapa wengi husonga mbele na picha zaidi. Mimi nasimamisha. Nagawa kopi ya sentensi chache za Ibn Battuta kuhusu Kilwa. Tafsiri mojawapo maarufu inasema mji ni mzuri na umejengwa vizuri, na kwamba majengo yake yote ni ya mbao, nyumba zimeezekwa kwa matete.

Subiri. Mikono itaanza kuinuka. "Mwalimu, mbona tumeona mawe?"

Huo ndio moyo wa somo zima. Waache wabishane. Labda alitembelea mitaa ya watu wa kawaida. Labda alisimulia miaka mingi baadaye, na kumbukumbu ilichanganya. Labda nyumba za mbao zilikuwa nyingi zaidi, ila zimeoza na yamebaki mawe ya matajiri. Hili la mwisho likitoka kinywani mwa mwanafunzi, lisifie mbele ya wote, kwa maana ameelewa kwamba magofu yanatuonyesha kilichodumu, na kilichodumu si mji wote. Kitabu peke yake kisingezaa mabishano hayo, na skrini peke yake isingeyazaa pia. Yamezaliwa pale viwili hivyo vilipogongana mbele ya mwalimu aliyenyamaza kwa muda wa kutosha.

Kisha rudi kwenye sarafu. Kila mwanafunzi aandike aya moja kwenye daftari: ilifikaje Zimbabwe Kuu, na ushahidi wako ni upi. Wakimaliza, ninatoa akiba yangu: mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Kilwa. Zilifikaje? Hilo wanaenda nalo nyumbani.

Hatua ya 6: Wafundishe kuchuja

Mwanafunzi uliyemwonjesha mtandao atarudi huko peke yake, kwenye simu ya mama au ya kaka. Kule atakutana na video zinazodai piramidi zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine, na picha za miji ya kale ambazo hazikupigwa mahali popote, zimetengenezwa na akili mnemba. Kumkataza hakusaidii. Mfundishe maswali matatu ya kuuliza kila kitu: nani ameweka, ameyajuaje, na picha hii ni ya kitu kilichopo au ni ya kukisia?

Swali la tatu lina uzito wa pekee. Jengo lililopimwa kwa leza ni kipimo cha magofu yalivyo leo. Mchoro wa rangi unaoonyesha Husuni Kubwa ikiwa mpya, na mapazia na walinzi, ni makisio ya msanii, hata akiwa msomi. Vyote viwili vina kazi, lakini mwanafunzi ajue anatazama kipi. Ndiyo sababu tuliandika chanzo chini ya kila picha.

Uzushi huu si wa simu tu. Zimbabwe Kuu ilisemwa kwa miaka mingi na wakoloni kwamba imejengwa na wageni kutoka mbali, ingawa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 na kueleza wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Miji yetu ya pwani nayo iliandikwa kana kwamba ililetwa na meli. Uchimbaji umeonyesha mizizi yake ya hapa, na utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2023 kutoka kwenye mifupa ya watu wa pwani wa zamani, wakiwemo wa Kilwa na Songo Mnara, umeonyesha mchanganyiko: mababu wa Afrika, wengi wao kwa upande wa mama, na wa Asia, hasa Uajemi, wengi kwa upande wa baba. Wanafunzi wa Dar es Salaam hulisikiliza jambo hili kwa makini yasiyo ya kawaida, maana wengine wanasikia habari za bibi zao.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazojibu maswali: ninazitumia darasani kwa zoezi moja tu. Naleta jibu lililochapwa kuhusu Kilwa, makundi yanalinganisha kila mwaka na kila jina na kitabu na tovuti za makumbusho, na wanaweka alama nyekundu kwenye kila kisichothibitika.

Kazi ya nyumbani isimtegemee mzazi mwenye simujanja. Wapo wasio nayo, na mtoto asiyeona picha kwenye grupu la WhatsApp anaachwa nyuma kimyakimya. Bandika kopi za plastiki ukutani kwa wiki nzima, zinatosha.

Hatua ya 7: Wapeleke Kunduchi

Kilwa hatukufika, lakini Kunduchi iko ndani ya mji wetu. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za China. Kama ratiba inaruhusu, siku nyingine nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako fuvu la Zinjanthropus aliloligundua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959 ni hazina ya makumbusho hayo.

Barua ya ruhusa iandikwe wiki mbili kabla, kwa mkuu wa shule na kwa wasimamizi wa eneo, na utaratibu wa kiingilio uulizwe mapema. Nendeni asubuhi, jua halijawa kali, kila mmoja na chupa ya maji. Beba simu moja ya mwalimu na futi kamba mbili. Hakuna kupanda kuta, hakuna kuokota.

Kwenye nguzo za makaburi wape dakika tano za kutazama bila kuandika. Baadhi ya mahali bakuli zimeshang'oka, na kilichobaki ni alama ya duara kwenye chokaa. Mwaka jana msichana mmoja aliweka kiganja ndani ya duara lile bila kugusa ukuta, akapima upana kwa macho, akasema ni sawa na kigae cheupe alichokishika darasani. Tukapima kwa futi kamba, tukaandika.

Picha watakazopiga ziwe za mpangilio: moja ya eneo zima, moja ya jengo, moja ya sehemu ndogo ikiwa na rula pembeni kuonyesha kipimo. Mkirudi, zipe namba, andika chini yake tarehe na jina la darasa, ziweke kwenye flashi ileile ya Kilwa. Mwaka ujao Kidato cha Kwanza wataanza somo lao na hizo.